Mtungi Uliorudi Meru

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei mwaka huu, tulimpoteza tata Wanja, dada mdogo wa baba yangu. Tata ndivyo sisi wa Embu tunavyomwita shangazi. Siku ya mazishi, kule Kinoru, Meru, kwa mumewe, wanawake walikuwa wakikoroga uji wa wimbi uliochacha nyuma ya nyumba, kwenye sufuria kubwa, na ile harufu yake ya ukali ilinifikia nikashindwa kuendelea kumenya viazi. Sikulia. Niliinamia tu karai langu, na akili ikanirudisha nyumbani kwetu chini ya Karurumo, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nimeketi karibu na guka wangu, babu yangu mzaa baba, namsomea kitabu.

Kitabu kilitoka shuleni, kwenye katoni la vitabu vya msaada. Kilikuwa cha Kiingereza, chenye picha za watu wa Norse, wale waliokaa kaskazini kabisa mwa Ulaya miaka elfu moja iliyopita. Mwalimu aliniruhusu nikibebe kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Mimi nilisoma kwa Kiingereza changu cha kuokoteza na kumfasiria guka kwa Kiembu. Jioni ilipofika, yeye akiwa na kibuyu chake cha uji uliochacha, aliniita nimletee habari za wale watu wake wa barafu.

Vita havikumvutia. Alitaka kujua walikunywa nini. Nilipomwambia kwamba siku za kawaida walikunywa pombe nyepesi ya nafaka, hata watoto, na pengine maji yanayobaki maziwa yakishaganda, yakiwa machachu, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema hao walikuwa watu wa kueleweka. Nikamwambia pia walikuwa na pombe ya asali, lakini ya sikukuu tu, kwa kuwa asali nyingine ilibidi inunuliwe mbali, upande wa kusini. Hapo guka aliwahurumia kwa dhati. Yeye alikuwa na mizinga kwenye miti mpaka kule chini kwenye ukame, na mtu wa kununua asali, kwake, alikuwa kama yatima.

Biashara yao ilimshangaza zaidi. Walibeba ngozi za wanyama na meno ya mnyama mkubwa wa baharini, wakapita mito na nchi za watu mpaka Baghdad, wakarudi na fedha na hariri. Divai yao ililetwa kutoka nchi nyingine na ilikuwa ya wakubwa peke yao. Guka alisema basi ni kama Mutuma wetu.

Mutuma ndiye aliyekuwa akimchumbia tata Wanja. Alikuwa Mmeru wa Kinoru, mfanyabiashara wa miraa, na mzigo wake ulipanda ndege mpaka Mogadishu. Watu wake walikuwa wamesema watakuja kumaliza mambo ya mahari mwezi wa Novemba, na wataleta pombe ya asali kama inavyotakiwa.

Ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya mwanamke mwenye nyumba akiwapelekea wageni pembe ya ng'ombe iliyojaa pombe ya asali. Guka aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akanieleza ya kwetu. Wageni wakileta pombe, baba wa msichana hainywi kabla ya msichana kuitwa. Anapewa pembe mkononi mbele ya wazee wote, naye baba anamuuliza, "Ninywe?" Msichana akionja na kumrudishia, baba anakunywa na ndoa imekubalika. Akiikataa, wageni wanabeba pombe yao na kwenda.

Mimi niliona ni mchezo mzuri. Tata Wanja, aliyekuwa akichambua maharagwe hapo mlangoni, hakuona mchezo. Aliniambia baadaye, tukiteka maji, kwamba yeye anaisubiri siku hiyo. Tangu azaliwe, alisema, aliambiwa aache shule, akaambiwa aende kuchuma chai kwa watu huko Manyatta, akaambiwa arudi. Hiyo siku ataulizwa.

Shida ilikuwa baba yangu. Baba alikuwa ameokoka, na guka alikuwa amezeeka, kwa hiyo mambo ya boma yalikuwa mikononi mwa baba. Akatangaza kwamba pombe haitaingia kwake. Wageni watapewa chai na soda, mchungaji ataomba, basi.

Niliumia kwa ajili ya tata, na nikajiona mimi ndiye mwenye dawa. Katika kitabu kulikuwa na sheria ya zamani ya Norwe. Ilisema kwamba hata baada ya watu hao kuwa Wakristo, kila mkulima alitakiwa kutengeneza pombe ya Krismasi, ibarikiwe kwa jina la Kristo na Maria, na asiyetengeneza alitozwa faini. Nikambebea baba ukurasa huo akiwa anakunywa chai. Nilimsomea mara ya kwanza nikikwama, halafu nikarudia vizuri.

Baba hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Alicheka, akaniuliza, "Muthoni, hao watu wa barafu ndio watanifundisha wokovu?" Akaniambia kesho yake nikirudishe kitabu shuleni, na nilikirudisha.

Siku ilipofika, wazee wa Meru walikuja na mtungi wa plastiki wa manjano, umefungwa kwa majani ya mgomba shingoni. Baba aliwapokea getini kwa heshima zote na kuwaomba mtungi ubaki nje. Mzee mmoja wao, mrefu, mwenye koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali, alisema, "Miraa yetu inashuka Mogadishu na hakuna anayeifungia mlango. Sasa tumezuiwa Karurumo." Wenzake walicheka, wakauacha mtungi chini ya ghala. Walikuwa wageni, na mgeni hubishana kwa kiasi.

Tata Wanja alikuwa jikoni amevaa leso mpya, ameketi kwenye kigoda, pembe ya guka iko magotini, ameiosha na kuisugua kwa majivu. Moshi ulimtoa machozi lakini hakutoka. Akanituma, "Nenda uone kama wananiita." Nikaenda. Soda zilikuwa zinafunguliwa. Nikarudi nikamwambia bado. Akanituma tena. Guka alikuwa ameshika chupa yake bila kuinywa, anamwambia baba, kwa sauti ambayo wageni wote waliisikia, "Njeru, sasa nitamuuliza msichana kwa kitu gani? Kwa soda?"

"Baba, tumeshakubaliana," baba akamjibu. "Mchungaji, tuombe."

Waliomba. Walikula mukimo wa viazi vya kuponda na nyama. Niliporudi jikoni tata hakunituma tena. Alianza kuosha sufuria akiwa na leso yake mpya. Jua lilipoanza kushuka wazee wa Meru waliuchukua mtungi wao wakaenda nao. Desemba Mutuma alikuja kumchukua tata, na kila mtu akamwita mke wa Mutuma.

Wakati ule niliamini ugomvi ni wa pombe, na ndiyo maana nilitafuta kitabuni habari za pombe. Nilikuwa nimeolewa na nina watoto nilipoona nilichokosa kumwambia baba. Ningemwambia amuite tu, amuulize, hata kwa kikombe cha maji. Guka naye angeweza kumuuliza kwa ile soda. Baba alishika wokovu wake, guka akashika asali yake, wote wawili walimpenda, na yeye akabaki jikoni. Mpaka leo nikiwaza hilo sina wa kumgombeza, maana guka alishakufa na baba sasa anasahau hata majina yetu.

Jumapili kabla hajafa nilimtembelea tata hospitalini. Nilimpelekea uji kwenye themosi akanywa kidogo kidogo. Hatukuwahi kuzungumza juu ya siku ile, na nilijua nafasi nyingine haipo. Nikamuuliza, kama angeitwa siku ile, je, angeonja?

Alinirudishia kifuniko cha themosi alichokuwa akinywea.

"Ningeonja," akasema. "Mutuma nilimpenda. Lakini kwanza ningeishika tu ile pembe, ninyamaze, niwaone wazee wote wakiningoja."

Alicheka, kikohozi kikamshika, nikamwinua mgongo. Muuguzi akaja kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Akatuangalia, akamuuliza tata kama anataka nibaki kidogo. Tata alisema anataka.