Siku Tulipofagia Korongo la Kibati

Mwanangu, wewe na wenzako mnanicheka ninapowaita mtoke mtaroni mara tu ngurumo ya kwanza inapolia. Chekeni. Lakini iko siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka, ya miaka ile ya hamsini, nilipokuwa nimeolewa Kibati miezi mitatu tu.

Ninyi wa Goma mna ziwa mlangoni. Kibati hakukuwa na mto wala chemchemi, maana mawe ya volkeno hunywa maji yote. Kwa hiyo ngurumo zikisikika, wanawake tulikimbilia korongo kavu nyuma ya kijiji kufagia vishimo vya mwambani, tuondoe majivu na mavi ya mbuzi, ili maji ya mvua yatakayotuama humo yawe safi. Kila nyumba ilikuwa na vishimo vyake, na bibi harusi aliyeacha vyake vichafu alisemwa wiki nzima.

Mchana huo mlima wetu wa volkeno, Nyiragongo, ulikuwa mweusi kwa mawingu juu, lakini kwetu jua liliwaka. Nilikwenda na wifi yangu Furaha, msichana wa rika langu, amechumbiwa Rutshuru, mtu wa kucheka hata kanisani. Tulikuwa tumebakiza vishimo viwili aliposimama, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, kama kawaida yake.

“Yaya, mulima inalia sana. Tutoke.”

“Mvua haiyafika hata,” nikamwambia. “Tumalize kwanza. Mama yako akikuta uchafu, ni mimi atagombeza.”

Akainama tena. Alinitii kwa sababu nilikuwa mke wa kaka yake mkubwa, hakuna sababu nyingine. Mimi nikapanda ukingoni kumwaga takataka, ndipo niliposikia mngurumo kama wa lori linalopanda mlima. Nikageuka. Maji meusi yalikuwa yanashuka na mawe na migomba, na juu yetu halijadondoka hata tone. Nikapiga kelele. Furaha aliinua kichwa, kisha akainama kuokota ufagio. Ufagio wa vijiti, mwanangu! Maji yalimpiga magotini tu, akaanguka, na sikumwona tena.

Wanaume walimpata kesho yake, chini kabisa, katikati ya mawe. Mama mkwe hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, “Mulikuwa wawili. Mwenzako alisema nini?” Nikamwambia ukweli, kwamba alitaka kutoka, nami nikamzuia. Akaenda kumwosha mtoto wake. Najuta mpaka leo, wala sitaki mtu anifariji eti nilikuwa mdogo.

Basi nisikilize. Mvua inayoua si lazima iwe imekufikia kichwani. Mlima ukinguruma, toka korongoni, toka mtaroni, panda juu, usingoje kuona maji. Maji yanayokimbia usiyavuke, hata yakiwa ya magoti, na usidanganyike kwamba una nguvu. Radi zikipiga, ingia nyumbani, usijifiche chini ya mti. Ulichoacha nyuma kiache, kiwe beseni, kiwe mbuzi. Na mdogo wako akikwambia anaogopa, mshike mkono mtoke palepale. Kazi ikibaki nusu, wacha ibaki, na watakaokusema waache waseme.

Mungu akupe miaka mingi, mwanangu, na kila mvua ikukute umeshafika nyumbani, pamoja na wote uliotoka nao.