Gazeti lilivyonitukana Kanazi

Leo gazeti limenitukana mbele ya wateja wangu, jamani!

Nilikuwa sokoni Kanazi nauza vitumbua. Karani wa Mzungu akafungua gazeti la Kiingereza, akatutafsiria: "Waislamu ni watu wa hila, msiwaingize majumbani mwenu."

Watu wote wakanigeukia, mimi na mtandio wangu.

Mteja mmoja akarudisha kitumbua kwenye sinia.

Ndipo Ma Paulina, Mkatoliki asiyekosa misa, akasimama.

"Waitu, ndugu zangu, nyumba yangu ilipoungua, ni Zainabu huyu aliyeingia motoni akamtoa mwanangu. Huyo mwandishi alikuwa wapi?"



Mara vigelegele!

Karani akakunja gazeti, akaniomba radhi hadharani. Vitumbua vyote vikaisha palepale.

Ninyi mngemjibuje karani yule?