Shahidi wa Begi la Kanga

Askari wawili walisimamisha bajaji yetu mtaa wa Gerezani, mbele ya maduka ya vipuri. Nilikuwa nimepakata begi la nguo za marehemu mke wangu, nampelekea mdogo wake, maana arobaini imeshapita.

"Shikamoo, mzee. Tunapekua mizigo. Fungua begi."

"Marahaba. Naomba kwanza nione kitambulisho chako na mifuko yako. Halafu tumwite shahidi."

Dereva akanigeukia. "Mzee, fungua tu yaishe! Utatulaza ndani."

Mimi niliogopa mambo mawili: nguo zake kumwagwa barabarani, au kukutwa humo kitu ambacho hakikuwa chake.

Yule askari aliyeniamkia alinitazama, kisha akacheka. "Leo tumepata mwanasheria." Lakini alionyesha kitambulisho, akageuza mifuko nje: leso na funguo tu. Akaitwa mama muuza chapati wa jirani, akaja anajifuta unga.

Askari alipovuta kanga ya kwanza, yule mama alimshika mkono.

"Taratibu, baba. Za nani hizi?"

"Za marehemu mke wangu," nilijibu.

Baada ya hapo askari alizitoa moja moja, mama akazikunja na kuzirudisha.

"Hamna kitu. Pole sana, mzee."

Nilishusha pumzi. Wengi wetu tunadhani kudai shahidi ni kumtafuta askari ubaya. Huyu aliokolewa na shahidi: angeachiwa azikunje mwenyewe zile kanga, hadi sasa tungekuwa Gerezani.