Saksofoni Niliyoihukumu Asembo Bay

Sijawahi kuamini maandishi. Mtu akiniletea saksofoni karakanani kwangu, chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa mjini Kisumu, akanionyesha palipoandikwa kwamba imetengenezwa Italia, mimi huigeuza upande wa pili kwanza. Nimeshapokea "Italia" ambayo vifuniko vyake viling'oka Jumapili ya Pasaka katikati ya ibada. Nimeshapokea nyingine iliyonunuliwa sokoni Mamboleo kutoka kwa mtu aliyekuwa akiuza pia majiko ya gesi. Hiyo ilichongwa maua mazuri hadi ukatamani kuitundika ukutani, na heri ingetundikwa, maana sauti haikuwa nayo. Makanisa yetu yanapenda bendi lakini hayawezi kununua saksofoni za bei ya juu, kwa hiyo yanatafuta za bei nafuu, na hapo ndipo walaghai wanapoyasubiri. Watu wa kwaya wananiita fundi. Mke wangu ananiita polisi.

Ndiyo maana mama mmoja aliponipigia simu kutoka Asembo Bay, akasema ana saksofoni ya Italia ya mume wake na amesikia kwaya yetu inatafuta moja, nilimshuku kabla hajamaliza kunisalimia. Kila anayeuza huwa na mume aliyefariki au kaka aliye Ulaya. Nikamuuliza huyo mume yuko wapi.

"Yuko hapa tu, amekaa," akasema. "Lakini haongei."

Nilienda Jumamosi. Boma lilikuwa karibu na ziwa, dagaa wa omena wameanikwa juu ya nyavu mbele ya nyumba. Mzee alikuwa sebuleni kwenye kiti cha mbao chenye mito. Kiharusi kilikuwa kimempiga mwaka uliotangulia, kikachukua upande wake wa kulia na maneno yake yote. Nilimpa mkono, akanipa wa kushoto. Mama akaniambia kwamba anasikia kila kitu, ila majibu ndiyo hayatoki. Nikasema nimeelewa, kisha nikafanya kama wengi tunavyofanya: nikaongea na mama kana kwamba tulikuwa wawili tu chumbani.

Saksofoni haikuwa ndani ya nyumba. Mama aliitoa stoo, chini ya magunia na nyavu kuukuu, sanduku lake likinuka samaki. Nikaiweka mezani, nikaanza. Chapa ya Italia ilikuwa nyuma, chini ya ndoano ya kidole gumba. Ilikuwa imepinda na kupigwa juujuu, herufi moja ikimpanda jirani yake. Nikacheka moyoni. Rangi ya dhahabu ilikuwa imetoka pale gumba linapokaa na kwenye vibonyezo vya mkono wa kushoto, shaba ikabaki uchi. Pedi za ngozi chini ya vifuniko zilikuwa za aina tatu, nyingine nyeupe, nyingine kahawia. Nikajiambia kiwanda kilitumia mabaki. Vyuma vilicheza ukivitikisa. Nilifunga pazia nikaingiza balbu yangu ndani ya bomba, na mwanga ukavuja kila mahali. Mwishowe nikachomeka kipulizio changu, nikapuliza. Ikalia kama mlango unaohitaji mafuta.

Niseme ukweli: jibu nilikuwa nalo tangu kwenye simu. Hayo mengine yote niliyatafuta ili yaliunge mkono.

"Fundi, sikukuita juu ya kuuza," mama akasema. "Nataka uniambie kitu moja."

Mume wake alikuwa ameishi Mombasa miaka kumi na mmoja. Krismasi nyingine alikuja nyumbani, nyingine hakuja. Alisema anapiga saksofoni kwenye bendi ya hoteli. Watu wa huku waliorudi kutoka huko walisema hakuna bendi yoyote, kuna mwanamke, na mzee anamlindia duka. Aliporudi kukaa kabisa, alikuja na sanduku hilo, na hakuwa na shahidi mwingine.

"Nilimwambia hii ni ya kunidanganya," mama akasema. "Nikamwambia asifungue kwa nyumba yangu. Akaweka kwa stoo. Hakubisha. Sasa hata akitaka kubisha, hawezi. Wewe niambie, hii kitu ilipigwa kweli?"

"Mama," nikasema, na hadi leo naisikia sauti yangu jinsi ilivyokuwa na raha, "hii haijaona Italia. Ni takataka imepakwa rangi ya bei rahisi, ndiyo maana imetoka hivi. Hakuna mtu anaweza kupiga hii hotelini. Wangemfukuza siku ya kwanza."

Mzee alitoa sauti kooni. Mkono wake wa kushoto ulipiga kiti mara mbili, kisha akageuza uso ukutani. Mimi nilimwona mtu aliyeshikwa katika uongo. Mama hakumtazama hata kidogo. Alinishukuru, "Ero kamano," akanifungia samaki wa kukaanga kwenye gazeti, na samaki huyo nilimla njiani bila haya.

Miezi minne baadaye sista mmoja Mwitaliano wa misheni aliniletea saksofoni mpya niikague. Mpwa wake aliinunua kwao kwa ajili ya watoto wa parokia, ya bei ya wanaoanza kujifunza, na risiti ilikuwa bado sandukuni. Hata yeye nilimshuku. Nilimuuliza kama duka lenyewe amewahi kulikanyaga. Alicheka, akasema liko katika mtaa alikozaliwa. Nikaigeuza. Jina lilikuwa lilelile la saksofoni ya mzee, na chapa ilikuwa imepinda vilevile, kana kwamba aliyezipiga zote mbili alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Nilikaa nayo siku mbili. Haikuwa na ua hata moja, na sanduku lake lilikuwa la hovyo, bawaba zinalegea kabla ya safari ya kwanza. Lakini matundu yalikuwa yamesawazishwa hivi kwamba balbu yangu haikupata pa kutokea. Vyuma vilikuwa vinene, na kila kifuniko kilitua mahali pake bila kelele. Waliounda chombo kile walibana matumizi kwenye urembo, wakamwaga kila walichokuwa nacho kwenye bomba. Walaghai hufanya kinyume. Wao huanza na maua.

Kisha nikachukua kitambaa kigumu nikasugua rangi karibu na ndoano ya gumba. Nilisugua mpaka kiwiko kikaniuma. Haikutoka. Rangi ile hutolewa na gumba la mtu na jasho lake, kila usiku, kwa miaka. Pedi za aina tatu ni kazi ya mafundi watatu, kila mmoja akibadilisha zilizochoka. Vyuma hulegea kwa kufanya kazi. Na mwanga ulivuja kwa sababu ngozi zilikaukia stoo, ambako mwenyewe alikatazwa kuitoa. Chombo kizima kilikuwa kikiniambia kwamba mzee alikipiga mpaka kikachoka mikononi mwake, na mimi niliyejiita mtaalamu nikakaa nasoma herufi zilizopinda.

Niliona aibu, na kwa aibu hiyo nikaahirisha safari wiki mbili. Halafu nikaenda.

Mama alikuwa anageuza omena kwa mikono. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama juani. Aliacha kugeuza, akanitazama kama mimi ninavyowatazama wanaoniletea chapa.

"Nani amekutuma? Ndugu yake?"

"Hakuna mtu, Mama. Nilikosea."

"Unakosea aje na wewe ndio fundi? Siku ile ulisema takataka. Leo unasema ni mali. Kesho utasema nini?"

Nikamwonyesha kwenye simu picha za saksofoni ya sista, chapa yake na rangi yake nzima. Nikamweleza habari ya gumba. Aliishika simu muda mrefu, na nikaona anaanza kuamini, na kwamba kuamini kunamuumiza kuliko kushuku kulivyomuumiza. Akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Kwa hivyo alikuwa anapiga," akasema.

"Alikuwa anapiga, Mama. Sana."

"Na huyo mwanamke?"

"Hilo, saksofoni haiwezi kuniambia."

Nikamwambia anipe niende nayo Kisumu, nitaibadilishia pedi zote bila malipo, itarudi ikilia vizuri. Hakuinuka.

"Haiko," akasema. "Watu wa vyuma chakavu walipita hapa hiyo wiki ulienda. Wewe ulisema takataka. Nikawapa pamoja na sufuria zimetoboka. Walikunja na mguu ndio iingie kwa gunia."

Niliuliza kama mzee anajua. Alitikisa kichwa; siku hiyo alikuwa amelala ndani.

"Enda umwambie vile umeniambia," mama akasema. "Lakini hiyo ya gunia, usiseme."

Nikaingia, nikavuta stuli na kuketi mbele ya mzee, karibu, macho yangu kwa yake. Nikamwambia saksofoni yake ni ya Italia, ya bei nafuu lakini imeundwa na watu wanaoijua kazi. Nikamwambia aliyeipiga aliipiga miaka mingi, na kwamba nilimsema vibaya mbele ya mke wake naye hana namna ya kunijibu. Nikamwomba radhi. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake yenye magamba.

"Baba, nimesikia," akamwambia. "Sikukuamini. Unisamehe."

Mdomo wa mzee ulitetemeka upande mmoja. Alivuta pumzi, akaitoa. Kisha akainua mkono wake wa kushoto, polepole, akaunyoosha kuelekea stoo, akatuangalia, kwanza mimi, halafu mke wake, akisubiri aone ni nani kati yetu atakayeenda kuileta.