Mahali Mbuzi Hulala

Dalmas Ouma alikuwa fundi wa mbao, na maneno yake mengi yalifia kifuani kabla ya kufika mdomoni. Alipoacha shule darasa la saba kule Katito, mwalimu aliandika kwenye ripoti yake neno moja: mtulivu. Watu walilichukua kama sifa. Kwa miaka kumi na minane alimfanyia kazi Manjit Singh, mkandarasi wa Kisumu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia hapana.

Kazi yao ya siku hizi ilikuwa vibanda vya watembezi. Vijana wa mjini walikuwa wameanza kupanda genge la Nyakach, mteremko mkali unaotazama ziwa, kule juu upande wa Sondu, kwenye mawe na miiba, ambako hakuna kisima wala waya wa stima. Manjit alichora, Dalmas akarekebisha kwa mikono. Yeye ndiye aliyeinamisha paa upande mmoja ili mvua yote iishie kwenye tangi. Matofali aliyafyatua kule kule juu, kwa udongo wa pale na saruji kidogo, maana punda hawezi kupandisha matofali elfu mbili. Choo akakifanya cha majivu, kwani maji ya kumwaga hayakuwepo. Sola ilikuwa moja, ya taa tu.

Jambo moja hakulisema. Kibanda cha kwanza Manjit alikiweka ukingoni kabisa, ili mtu akifungua mlango alione ziwa lote. Dalmas alikuwa amechunga mbuzi kwenye genge hilo tangu akiwa na miaka saba, na hakuwahi kumwona mbuzi akilala pale. Upepo wa ziwa ukigonga genge hauna pa kwenda ila juu, na ukikuta bati huingia chini yake na kulifunua kama kifuniko cha sufuria. Mbuzi hulala nyuma, kwenye mawe makubwa, ambako mavi yao yamejaa unene wa kiganja. Manjit aliuliza, "Fundi, hapa sawa?" Dalmas akatazama chini, akaanza kuchimba.

Mwaka wa pili, mwezi wa Machi, dhoruba iling'oa paa pamoja na boriti. Kijana aitwaye Sydney, aliyekuwa amejikinga ndani, aliangukiwa akafa. Watu walisema ni mpango wa Mungu. Dalmas alikwenda mazishini, akasimama nyuma ya wote, akarudi nyumbani.

Mwaka mmoja baadaye Selpha, mamake Sydney, muuza samaki wa Dunga, aliomba kibanda kijengwe upya kwa jina la mwanawe, pale pale alipopenda kukaa akitazama ziwa. Siku ya kuanza kazi alipanda mwenyewe, akaketi juu ya msingi wa zamani. Manjit alikuwa ameshapigilia vigingi.

"Fundi, shika sururu," Manjit akasema. "Mama Sydney ametoka nyumbani alfajiri. Tusimweke juani."

Dalmas hakuishika.

"Mnamwona huyu?" Khaemba, mwashi wao, akacheka. "Miaka yote nilidhani ni mti. Kumbe anajua kugoma! Leo itanyesha mvua ya mawe."

"Bwana Manjit," Dalmas akasema, "hapa siwezi."

"Huwezi nini? Mgongo tena?"

"Hapa si mahali pa nyumba. Upepo unapanda na genge. Utachukua bati tena."

"Safari hii tunafunga kwa nondo, bwana. Nondo nene."

"Basi bati litaondoka na ukuta." Akaonyesha nyuma kwa kidevu. "Mbuzi hawalali hapa. Wanalala kule."

Khaemba akaacha kucheka. Selpha akainua uso.

"Baba," akasema polepole, "hayo ya mbuzi uliyajua lini?"

Dalmas alikuwa amelala macho wiki nzima kwa ajili ya swali hilo. Angeweza kusema kwamba alijua paa lilipong'oka. Hakuna ambaye angembishia, na kibanda kingehamishwa vile vile. Maneno hayo yalikuwa tayari ulimini, mepesi kuliko maneno yoyote aliyowahi kuyatafuta.

"Tangu utotoni, mama," akasema.

"Kwa hiyo hapa palipochimbwa..."

"Ni mimi niliyechimba."

"Na ulijua."

"Nilijua."

"Nani alikukataza kusema?"

"Hakuna mtu."

Manjit akasogea. "Mama Sydney, kosa ni langu. Ramani ilikuwa yangu, na mimi..."

"Wewe hukujua," Selpha akamkata. "Ngoja zamu yako."

Akapapasa saruji iliyopasuka kwa kiganja. Kisha akasimama, akakaza leso kiunoni. "Nionyeshe."

Dalmas akatangulia. Selpha alimfuata akihesabu hatua kwa sauti ya chini, mpaka wakaingia kati ya mawe. Kule ukingoni leso yake ilikuwa ikipigwapiga na upepo. Hapa ililala kimya miguuni. Mbuzi wawili waliinuka, wakamtazama, wakalala tena.

"Mia mbili na kumi," akasema. "Mtoto wangu amekufa kwa hatua mia mbili na kumi."

Manjit na Khaemba walipowafikia, akaokota jiwe, akaliweka chini pale aliposimama.

"Chimbeni hapa. Mniwekee dirisha upande wa ziwa, hata likiwa dogo. Na wewe, fundi, babake hajui haya. Jumapili utakuja nyumbani umwambie kwa mdomo wako. Mimi sitakusemea."

"Nitakuja, mama."

Jumapili alikwenda. Mzee Ajwang, babake Sydney, alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, mikono yake juu ya magoti. Dalmas alipomaliza, jasho lilikuwa limelowesha shati lake la kanisani, naye akainuka nusu, akidhani sasa atafukuzwa.

"Kaa," mzee akasema. "Umesema chini chini. Dada zake Sydney wako jikoni, nao wana haki ya kusikia. Rudia."

Dalmas akakaa. Akangoja wasichana waingie wote, kisha akarudia.