Mume Wangu Amelichonga Tumbo Langu Kwenye Mpingo

Ndugu mtunza ukurasa, asalaam aleikum, na wasomaji wote nawasalimu kila mmoja kwa dini yake. Hamjambo na watoto? Mie afya ninayo, namshukuru Mungu, ila moyo umevimba. Jina langu lifiche, na la mume wangu pia, ingawa yeye hastahili kufichwa.

Nina miaka arobaini na mitatu, watoto wanne, nakaa Temeke. Kwetu Newala. Shule niliishia la nne, lakini sala tano hazinipiti. Mume wangu ni mchonga vinyago. Yeye na wenzake wana banda lao la ushirika hapa mtaani, na mie ndiye niliyekuwa nawapelekea uji kila asubuhi.

Kwetu wasichana wa rika langu tulichanjwa chale unyagoni. Mie ninazo tumboni na mapajani. Ni mambo ya ndani hayo, ya mume na ya wanawake waliokucheza, basi. Hata binti zangu hawajaziona. Aliyenichanja ni somo yangu, siku hizi anakaa Mtoni kwa mwanawe.

Sasa kukatokea maonyesho ya sanaa mjini, kuhusu umbo la mwanamke kwenye mambo wanayoyapenda watu: khanga, picha za sinema, kalenda za bia, majalada ya santuri, vinyago. Mume wangu akaambiwa apeleke kazi. Miezi miwili alichonga, akimaliza anafunika na gunia. Nikimuuliza ananijibu, "Utaiona hukohuko, mama watoto." Mie mjinga nikafurahi. Nikamchukua na somo, tukajitanda mabuibui yetu, tukaenda.

Ukuta mzima wanawake wa kalenda, nusu uchi, wameshika chupa. Wakubwa wenye kaunda suti wanazunguka mikono nyuma, wanatikisa vichwa kama wako darasani. Haohao ambao vijana wao wa chama humsimamisha binti wa watu barabarani kwa sketi isiyofika goti. Katikati ya ukumbi, juu ya meza, kiwiliwili cha mwanamke cha mpingo. Hakina kichwa, hakina miguu, tumbo wazi na chale zake.

Somo akavaa miwani, akakisogelea. Halafu akanivuta pembeni.

"We mwana, huu mstari chini ya kitovu umekatika."

"Nauona, somo."

"Ulikatika kwa sababu ulishtuka siku ile, wembe ukaniteleza. Nimechanja wengi mie. Uliokatika hivi ni wako peke yako."

Kando yetu bwana mmoja alikuwa analipapasa tumbo lile kwa kidole, anamweleza mwenziwe. Nilikisikia kidole kile chini ya buibui langu.

Nyumbani nikamuuliza mume wangu. Akacheka. "Ule ni mti, mama watoto. Hauna hata kichwa, nani atakujua?"

"Somo kanijua."

"Somo ndiye aliyezichora. Si anipongeze nimeiga vizuri?"

Kwa hiyo mie ni ubao. Huyu kachora, huyu kaiga, mwenye tumbo hana neno.

Hata hilo ningelimeza. Lakini kazi za banda lile ziko hivi: kinyago cha mmoja kikipendwa, wote wanachonga hichohicho. Asubuhi moja nikaingia na sufuria ya uji, nikakuta mafundi wote wamepakata tumbo langu. Mengine makubwa, mengine madogo ya kuweka mezani, mstari umekatika palepale. Wanaume ninaowaita shemeji. Wakaniamkia vizuri tu huku wanapiga msasa. Nikamwendea mwenyekiti wao, mtu mzima, anaswali safu ya mbele, nikamwambia waache, yule ni mie.

Akapangusa mikono. "Shemeji, hapa hakuna changu wala chako. Akibuni mmoja tumebuni wote. Ndiyo siasa yetu."

Mmoja akadakia huko nyuma, "Basi tumbo la shemeji limetaifishwa."

Wakacheka, na mume wangu akacheka nao. Tangu siku ile uji wanajipikia.

Juzi mume wangu akanijia na sauti laini. Wenye maonyesho wanataka mwanamke mzima, wa kusimama, apelekwe nchi za nje kwa jina la taifa. Gogo keshapewa. Tatizo, chale za mapajani kazisahau. "Nionyeshe mara moja tu, mchana, nichore kwenye karatasi."

Ndugu zangu, mwanamume huyu ana miaka sita hajaniangalia. Analala kageukia ukuta. Nikamwambia, "Ungekuwa unaangalia, ungekumbuka." Akasema nikikataa atamwendea somo amchoree, naye ni bibi mzee, hajui kumnyima mkwewe kitu.

Shekhe wetu naona haya kumweleza, nitaanzia wapi? Kaka zangu kwetu wameniletea neno nirudi, lakini kwa umri huu nirudi na mabinti ambao hawajaolewa, nikaseme nimeachika kwa sababu ya kinyago?

Gogo liko uani, limesimama kimo changu. Kila nikienda kutia udhu napita mbele yake. Nimwonyeshe yaishe, au nifunge mzigo? Nishaurini wenzangu, na tafadhali mnijibu mapema. Amesema anaanza kuchonga mwezi ukiandama.