Sindano Niliyoiombea

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Mimi ni nesi, tena mlokole wa kelele. Tangu wakimbizi waanze kuvuka ziwa, kituo chetu cha afya hapa Kibirizi kimefurika, na kila ninayemchoma sindano namwambia, "Fumba macho," maana mkono wangu ni mzito.

Jumapili nilijigamba kanisani kwamba wiki haiishi bila kumleta mgonjwa mmoja kwa Yesu. Basi juzi nikamwendea mzee mmoja kutoka Burundi, mikono mitupu, sina hata sindano.

"Shikamoo, Mzee. Fumba macho."

"Ego, mwanangu," akakubali kwa upole.

Nikafumba na yangu, nikaanza kuomba kwa sauti. Kitanda kikalia, nikajua anapiga magoti. Akaguna, nikajua dhambi zinamtoka. Nikazidi kupaza sauti, jasho likinitiririka.

Niliposema amina na kufumbua macho, mzee alikuwa amelala kifudifudi, suruali magotini, makalio nje, anatetemeka. Wodi nzima ilikuwa ikitutazama.

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, "hiyo sindano ni kubwa kiasi gani mpaka uiombee hivyo?"